Nani Atamhubiria Mwanafunzi Aliyekwisha Kubatizwa?

Mtu akiniambia anataka kupeleka Injili kwa wanafunzi wa vyuo vya Baraka na Fizi, mashariki mwa Kongo, huwa namuuliza kwanza: unampelekea nani? Ingia katika oditwari yoyote, ukumbi wa mihadhara, Jumatatu asubuhi, uulize ni nani hajawahi kubatizwa, wala kuwekewa mikono, wala kuimba kwaya ya watoto. Mikono itakayoinuka ni michache, na kati ya hiyo mingine itakuwa ya vijana Waislamu, ambao wana imani yao na wanaijua. Waliobaki ni wana wa makanisa ya Kipentekoste ya CEPAC na CELPA, wa Wametodisti Huru, wa parokia za Kikatoliki, wa Wasabato, wa Wakimbanguisti. Wengi wamelelewa na mama anayeamka saa kumi alfajiri, akajifunga kitenge, akashika tochi na kwenda kwenye chumba cha maombi kabla jogoo hajawika mara ya pili.

Jina la Yesu, basi, lilifika kwetu zamani. Kinachomsumbua mwanafunzi ni yule anayelitamka: anatoka mlima gani, watu wake walikuwa upande gani mwaka fulani, na siku nyumba zilipowaka alilia au alinyamaza. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo kiini cha swali zima, na mikutano mingi ya uinjilisti inayofanyika vyuoni inalipita kando.

Chukua Bibokoboko. Iko milimani, juu ya Baraka. Ukisimama mahali palipo wazi unaliona ziwa Tanganyika limetandazwa chini, na rasi ya Ubwari mbele yake. Wanyamulenge, Wabembe, Wafuliiru na Wanyindu waliishi huko wakipakana, huyu na malisho yake, yule na shamba lake la muhogo na maharage, wakigombana kuhusu ng'ombe walioingia shambani na kupatana tena mbele ya wazee. Oktoba 2021 wapiganaji wakashambulia. Nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaporwa, watu wakauawa, waliobaki wakakimbia. Baadhi walijibana karibu na kambi ya jeshi hukohuko mlimani. Wengine waliteremka Baraka na mabunda yao kichwani. Miongoni mwao walikuwamo vijana wenye umri wa chuo, na watoto ambao leo wamefika umri huo.

Kijana wa namna hiyo akipata nafasi ya kusoma mjini, anaketi benchi moja na nani? Na kijana wa pwani ya ziwa ambaye ukoo wake nao una makaburi yake. Siku za mwisho za 1998 na mwanzo wa 1999, watu kwa mamia waliuawa Makobola, wengi wao Wabembe, katika vita vya waasi wa RCD. Kabla ya hapo, Septemba 1996, Wanyamulenge waliuawa hapa Baraka na Lweba. Agosti 2004 wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Wanyamulenge waliotoka Kivu Kusini, waliuawa usiku mmoja huko Gatumba, Burundi. Desemba 2021, hapohapo Lweba, kwenye barabara ambayo mwanafunzi wa Baraka huipita akienda Uvira, afisa wa jeshi la taifa aliteremshwa kwa nguvu kutoka kwenye gari akauawa kwa sababu ya kabila lake. Na vijiji vingi vya Wabembe na Wafuliiru huko juu vimechomwa na makundi ya upande wa pili. Kila mwanafunzi anaijua orodha yake. Anayoijua kidogo ni ya jirani yake.

Nilipata kuketi jioni moja na kundi la Biblia la wanafunzi, kama kumi na wawili hivi, katika chumba cha darasa. Umeme haukuwapo, simu mbili ziliegemezwa kwenye chupa za maji ili mwanga upande ukutani. Sahani ya karanga ilizunguka mkono kwa mkono. Aliyeongoza alikuwa msichana wa mwaka wa pili anayesomea uuguzi, wenzake wadogo wakimwita yaya, yaani dada mkubwa. Walisoma habari ya Msamaria mwema, Luka sura ya 10, aya kwa aya, kila mtu aya yake. Kisha yaya akauliza swali lililoandikwa katika daftari lake: hapa kwetu, Msamaria angekuwa nani?

Kimya kikawa kirefu. Mwishoe kijana mmoja aliyekuja na wazazi wake kutoka Bibokoboko akasema polepole, "Mimi siwezi kujibu kuhusu Msamaria. Mimi ni yule aliyelala barabarani." Mwingine, mtoto wa pwani, akajibu bila kuinua macho: "Babu yangu alilala Makobola, yaya. Na yeye hakuna aliyepita kumwokota."

Msichana yule hakuwahubiria. Hakuwaambia wasameheane. Alisema tu, "Tumesikia wote wawili," akaomba sala fupi kwa Kiswahili, akasema wiki ijayo watarudi kwenye sura hiyohiyo. Simu moja ilikuwa imeshazimika. Wiki iliyofuata niliuliza: wote wawili walirudi, wakaketi mbalimbali, lakini walirudi. Kwangu huo ni uinjilisti, na ni mgumu kuliko kukodi spika na kupiga kelele uwanjani siku tatu.

Ili kuelewa kwa nini ni mgumu, lazima turudi nyuma kidogo. Wamisionari wa Afrika, wale ambao watu huwaita Wapadri Weupe, walifungua kituo Mulweba, kwa Wamasanze, mwaka 1880, enzi ambazo misafara ya pembe na watumwa ilikuwa bado inavuka ziwa kwenda Ujiji. Wapentekoste wa Sweden walifika Uvira mwaka 1921, wale wa Norwe wakashika Kaziba. Kila misheni ilijenga kanisa, shule na zahanati mahali pamoja, ikajifunza lugha ya watu wa hapo, ikawaandaa watoto wa hapo kuwa wachungaji. Ilikuwa busara ya wakati ule. Matokeo yake ni kwamba kanisa na ukoo vilikua pamoja kama mhogo na jani lake. Hata leo mtu akikutajia parokia yake na jina la mchungaji wake, mara nyingi umeshajua kijiji chake, na ukishajua kijiji umeshajua kabila.

Shule nayo ilishikana na kanisa. Mwishoni mwa 1974 serikali ya Mobutu ilitaifisha shule za makanisa. Mwaka 1977 ikazirudisha mikononi mwao kwa mkataba, na ndiyo maana mpaka leo tunasema shule "konvansione" ya Wakatoliki au ya Waprotestanti. Mtoto anasoma somo la dini miaka mingi, anapewa pointi za dini, anaomba kabla ya kengele. Anapofika chuoni ameshaizoea imani kama sare ya shule. Hapo ndipo baadhi huivua, siku ileile wanayovua sare. Hawakatai kwa hoja, wanaacha tu. Wengine wanabaki na kwaya lakini hawana jibu mhadhiri anapowauliza swali la Darwin au la chanzo cha maandiko. Kijana wa namna hiyo anahitaji mtu wa kusoma naye, wala hana haja ya mtu wa kumtisha na jehanamu.

Kazi hiyo ya kusoma pamoja ndiyo waliyoichukua Groupes Bibliques Universitaires, GBU, ambao ni sehemu ya ushirika wa kimataifa wa IFES ulioanzishwa mwaka 1947. Mtindo wao ni rahisi kueleza: wanafunzi wenyewe wanaongoza, kundi ni dogo, Biblia iko wazi katikati, na mazungumzo yanakwenda kwa maswali. Kuna nini hapa? Kina maana gani? Kinatudai nini? Kundi si mali ya dhehebu lolote. Kenya wana FOCUS yao tangu 1973, Tanzania wana TAFES, na UKWATA kwa wale wa shule za sekondari. Campus pour Christ, iliyotokana na kazi ya Bill Bright iliyoanza 1951 katika chuo kikuu cha California, Los Angeles, inakazia zaidi ushuhuda wa mtu kwa mtu. Wakatoliki wana kasisi wa wanafunzi na jumuiya zao. Sitazama sana katika tofauti za vyama hivi. Nitasema tu kwamba kwa mahali kama Baraka ule mtindo wa maswali una nguvu ya pekee, kwa sababu swali linampa kijana wa mlimani na wa pwani nafasi sawa ya kusema, jambo ambalo mimbari haimpi hata mmoja wao.

Na lugha inasaidia. Masomo ni kwa Kifaransa, na Kifaransa ni cha mtihani. Hakuna anayelia machozi kwa Kifaransa. Maombi yakizama, kila mtu anarudi kwa mama yake: huyu Kibembe, yule Kinyamulenge, huyu Kifuliiru. Katikati kipo Kiswahili, ambacho si cha mlima wowote. Nimeona wanafunzi waliosoma utotoni katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, wakawa viongozi wazuri wa makundi haya. Familia zao zilirudi kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka tangu 2005, wao wakaja na Kiswahili cha shule za kambini na kumbukumbu ya kuitwa mkimbizi. Mtu aliyewahi kuitwa mgeni humsikia mgeni upesi.

Upande wa Afrika Mashariki tuna historia ya kutufundisha, nzuri na chungu. Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ulivuka mipaka hadi Uganda, Burundi na Kongo, ukawaketisha Wahutu na Watutsi, weusi na weupe, kwenye mkeka mmoja wakiungama dhambi zao hadharani. Mwaka 1941 uliingia chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda. Wanafunzi walikuwa wakiamka kabla ya mapambazuko kuomba na kuhubiri, wakiwakemea walimu na wenzao kwa dhambi, mkuu wa chuo akakataza, wakakaidi, wanafunzi 26 wakafukuzwa, William Nagenda akiwa mmoja wao. Nagenda hakupata daraja la upadre, lakini alihubiri katika nchi nyingi. Nikiisoma habari ile nazihurumia pande zote mbili. Mkuu wa chuo alikuwa na haki ya kulinda usingizi wa wengine. Vijana wale nao walikuwa wameona kitu ambacho uongozi wa kanisa ulikizoea: kwamba mtu anaweza kusomea uchungaji bila kutubu. Chuo kinachofukuza bidii kinapoteza, na bidii isiyokubali kuonywa inapoteza pia.

Garissa, Kenya, ni jeraha la aina nyingine. Tarehe 2 Aprili 2015 washambuliaji wa al-Shabaab waliingia chuo kikuu cha huko alfajiri, wakawaua watu 148, wengi mno wakiwa wanafunzi, na baadhi yao walikutwa katika maombi ya asubuhi ya umoja wa Wakristo. Wakristo na Waislamu walitenganishwa kwa maswali ya dini. Kila ninapoona kundi la wanafunzi limeinamisha vichwa saa kumi na moja asubuhi, nawakumbuka wale.

Sisi wa Fizi nasi tuna mashahidi wetu. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi wa Simba, bruda Vittorio Faccin na padri Luigi Carrara waliuawa Baraka, na siku hiyohiyo padri Giovanni Didonè na abbé Albert Joubert wakauawa Fizi. Watatu walikuwa wamisionari Waksaveri kutoka Italia. Wa nne, Joubert, alizaliwa katika nchi hii upande wa Moba, baba Mfaransa, mama Mwafrika, akapewa upadre mwaka 1935. Carrara alikuwa akiungamisha watu wakati waasi walipomjia. Alichagua kubaki na mwenzake aliyekwisha kuuawa, akapiga magoti karibu na mwili wake. Tarehe 18 Agosti 2024, huko Uvira, kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wenyeheri kwa niaba ya papa. Mimi naiona habari hii kuwa hazina ya vyuo vyetu vyote, hata kwa Waprotestanti. Watu hawa waliuawa katika mji uleule ambao mwanafunzi ananunulia ndagala wake, na hawakufa kwa ajili ya ukoo wao.

Sasa niseme juu ya mambo yanayoua ushuhuda chuoni, maana ni mengi na mengine yanatoka ndani.

La kwanza ni lile wanafunzi wa Kongo nzima wanaloliita PST, pointi zinazopatikana kwa ngono. Mwalimu anamwita msichana nyumbani kwake, na alama zake zinategemea jibu lake. Mwalimu huyohuyo Jumapili anaweza kuwa shemasi. Kundi la Biblia likikutana mwaka mzima bila kulitaja jambo hili, wasichana wanaelewa kwamba Mungu wa kundi lile hana habari nao. Nchi iliyomzaa Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa CEPAC, aliyepokea Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 kwa kuwatibu wanawake waliobakwa, haiwezi kusema haikufundishwa. Kiongozi wa kundi anayekwenda na msichana kwa mkuu wa idara kutoa malalamiko yaliyoandikwa na kutiwa sahihi amehubiri mahubiri marefu.

La pili ni biashara ya mtihani. Kabla ya mtihani wa serikali kalamu hupakwa mafuta, na chuoni mchezo unaendelea: nabii anaahidi kufaulu kwa sadaka fulani, mwanafunzi anaacha kusoma, anafunga siku tatu, anaanguka. Anapoanguka haanguki peke yake. Imani yake inaanguka naye. Nasema waziwazi kwamba huu ni wizi. Minervali yenyewe, yaani karo ya chuo, mzazi ameipata kwa kuuza mbuzi au kwa kuchuuza mafuta ya mawese kutoka soko moja hadi lingine.

La tatu ni kulazimisha. Baraka ina Waislamu tangu zamani za wafanyabiashara wa ziwa, na wengi ni wenzetu wa darasa na wa timu ya mpira. Katiba ya Kongo ya 2006, ibara ya 22, inampa kila mtu uhuru wa mawazo, dhamiri na dini, na ibara ya 45 inaruhusu elimu ya dini katika shule za taifa kwa ombi la wazazi, au la mwanafunzi mwenyewe akiwa mtu mzima. Neno ni ombi. Mhadhiri anayefungua somo la hesabu kwa robo saa ya mahubiri, huku alama za mtihani ziko mkononi mwake, anatumia rungu hata kama maneno yake ni matamu. Ushuhuda wa mwanafunzi kwa mwanafunzi una heshima kwa sababu mwenzake anaweza kusema, "Hapana ndugu, asante," na kesho wakala pamoja.

Kuna watu wanaosema, na si wajinga, kwamba haya ya kabila yaachiwe wanasiasa na kamati za amani, na kundi la Biblia libaki na wokovu wa roho. Nawaelewa. Kundi likianza kujadili nani alishambulia nani, linaweza kupasuka usiku mmoja, na taarifa ikafika kwa watu wenye bunduki kabla ya asubuhi. Tahadhari hiyo ni ya kweli. Lakini nimejiuliza: wokovu unaomwacha kijana akichekelea nyumba ya mwenzake kuchomwa unamwokoa na nini? Njia iko katikati, na msichana yule wa uuguzi aliipata bila kufundishwa na mtu: kusikiliza wote wawili, kutohukumu vita, kurudi wiki ijayo kwenye sura ileile.

Tangu Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23, jambo hili limekuwa la haraka zaidi. Bukavu ndiko kuliko na Chuo Kikuu cha Kiinjili katika Afrika na kile cha Kikatoliki, na ndiko vijana wa Fizi walikozoea kupanda wakitafuta digrii. Njia ikifungwa, wanabaki nyumbani. Wa milimani wanao Chuo Kikuu cha Eben-Ezer huko Minembwe, wa pwani wana vyuo vidogo vya mjini, na hatari ninayoiona ni kwamba kila kabila litasoma kwake, likiabudu kwake, mpaka vijana wa Fizi wafike miaka thelathini hawajawahi kukalia benchi moja. Kundi dogo la Biblia lililochanganyika linaweza kuwa mahali pa mwisho ambapo wanaonana uso kwa uso bila silaha. Sikutegemea kuandika sentensi hiyo, lakini sioni nyingine iliyo ya kweli zaidi.

Kwa hiyo ninalo ombi kwa wachungaji na mapadri wa Baraka. Makundi haya hukutana kwenye madarasa ya kuazima, na mlinzi akitaka huwafukuza. Wapeni chumba. Msiwadai wavae fulana ya kanisa lenu, msiwapangie mhubiri, msiulize kila mmoja ametoka parokia gani. Wapeni chumba chenye mlango, taa moja ya sola na mabenchi manne, Jumatano saa kumi na moja jioni, kisha mwacheni yaya aendelee na swali lake.